Mashini ni Yetu, Lakini Ufunguo Uko kwa Nani?

Jioni moja ya msimu wa kahawa, kwenye stasio ya kuoshea iliyo karibu na ziwa Kivu, taa zilizimika wakati watu walikuwa wangali kwenye mstari na magunia yao. Wakulima wa kahawa wanajua maana yake. Kahawa mbivu haingoji kesho. Ikilala bila kumenywa inaanza kuchacha, na mnunuzi akiionja ataisikia. Sahani ya jua ilikuwa nzima. Betri ilikuwa imejaa. Hakuna waya iliyokatika. Prezida wa koperative alikuwa ametuma malipo ya mwezi kwa telefoni tangu asubuhi, lakini rezo ilikuwa mbaya siku ile, na ile kode ya namba ambayo kampuni inarudisha haikufika. Bila kode, kisanduku kinajifunga chenyewe saa yake ikifika. Watu walipima kahawa kwa mwangaza wa telefoni, mwandishi akakosea mistari miwili katika kitabu, na mistari hiyo miwili ilileta maneno mpaka siku ya Mungu.

Mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake aliniita. "Animatere, ile kisanduku iko ya kwetu ao iko ya bo?"

Nilimjibu kama tunavyojibu siku zote: ni deni, mama, imebaki miezi kumi, mkimaliza kitakuwa chenu. Akatikisa kichwa. "Na tukimaliza, ile kufuli itatoka ndani?"

Hapo sikuwa na jibu.

Nilipoanza kutafuta jibu, nilikuta kwamba kuna wakulima wengine wanaouliza swali lile lile, tena mbali sana na sisi. Ni wakulima wa Marekani, watu wenye trakta na mashini za kuvuna ambazo bei yake inafika mamia ya maelfu ya dola. Wao wamelifikisha swali kwa wabunge na kwa majaji. Tunawasimulia habari yao hapa, ijapokuwa hakuna koperative yetu itakayonunua trakta kama zile mwaka ujao. Kufuli lililo ndani ya trakta yao na lile lililo ndani ya kisanduku cha mama ni ndugu wa tumbo moja.

Kampuni inayotajwa sana katika habari hii ni John Deere. Mwenye jina hilo alikuwa mhunzi. Mwaka 1837, katika kijiji cha Grand Detour, jimbo la Illinois, alitengeneza plau ya chuma cha pua ambayo udongo mzito wa kule, ule unaonata, haukuganda juu yake. Njo vile kampuni ilianza. Plau ni chuma na mbao: ikivunjika, mhunzi aliye karibu anaiweka motoni, anaipiga nyundo, mkulima anarudi shambani.

Trakta ya leo ya kampuni hiyo ni kitu kingine. Ndani yake kuna kompyuta ndogo nyingi. Moja inaangalia mota, ingine inaangalia mafuta, ingine moshi, ingine usukani, na zote zinaongea pamoja kwa waya. Kuna vipimio vidogo kila mahali. Kipimio kimoja kikiona kasoro, hata kama kasoro yenyewe ni ya kipimio na si ya mota, kompyuta inaweza kupunguza nguvu, na trakta inatembea kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mara ingine inakataa kabisa. Kwenye kioo kinatokea kijinamba cha kosa. Mkulima anakiona, lakini hakimwambii yote.

Tuseme fundi wa kijiji amejua ugonjwa. Ametoa piesi ya zamani, ameweka mpya. Kwa piesi nyingi, kazi imekwisha. Lakini kwa zile zinazoongea na kompyuta, sherti kompyuta iambiwe kwamba mgeni huyu ameruhusiwa kuingia. Programu kamili ya kuiambia hivyo iko kwa mafundi wa maduka yaliyopewa ruhusa na kampuni. Basi mkulima anapiga simu, anangoja. Fundi anakuja na kompyuta yake ya mkono, anachomeka waya, anabonyeza, anaandika fakitire ya kazi na ya safari. Mwezi wa kumi, wakati mahindi na soya zimekauka shambani na mvua inakaribia, kungoja siku tatu ni hasara ambayo hakuna mtu atamrudishia.

Wakulima wakasema: lakini hii trakta nililipa! Na hapa njo penye kiini. Mwaka 2015 kampuni ilipeleka maelezo yake kwa ofisi ya serikali ya Marekani inayoangalia haki za watunzi. Ilisema kwamba mwenye kununua trakta hapati programu iliyo ndani kuwa mali yake. Anapata ruhusa ya kuitumia muda wote wa uzima wa trakta. Mwaka uliofuata, katika Oktoba 2016, ilitoa mkataba unaomkataza mtumiaji karibu kila namna ya kugusa programu hiyo. Chuma ni chako, mipira ni yako, kioo ni chako. Lakini kile kinachoamua kama mota itawaka kimebaki cha aliyekiuza.

Sheria ilimsaidia muuzaji. Mwaka 1998 Wamarekani walipiga sheria inayokataza kuvunja kufuli la programu. Iliandikwa hasa kwa ajili ya filamu, muziki na vitabu, watu wasizikopie na kuziuza. Lakini trakta nayo ina programu, na programu ina kufuli, basi sheria ya filamu ikaenda kukaa shambani. Kila miaka mitatu ofisi ile ile inaweza kutoa ruhusa za pekee, na katika Oktoba 2015 ilikubali kwamba mwenye gari, hata trakta ya shamba, anaweza kuvunja kufuli ili atengeneze mali yake. Watu walifurahi. Kisha wakasoma vizuri. Ruhusa ile haikugusa katazo la kuuza chombo cha kuvunjia. Ni kama kuambiwa: unaruhusiwa kupasua kuni, lakini hakuna mtu anaruhusiwa kukuuzia shoka.

Shoka likatoka mbali. Katika Machi 2017 waandishi wa habari wa Marekani walieleza kwamba wakulima walikuwa wakitafuta kwa siri programu za trakta zilizofunguliwa huko Ukraine na nchi jirani zake. Mtu wa Nebraska, aliyezaliwa katika ukulima, anayelipa kodi na kwenda kanisani, anajificha kama mwizi ili atengeneze trakta yake mwenyewe. Nikiwaza juu ya jambo hilo nashindwa kucheka.

Wengine walichukua njia ya kurudi nyuma. Kwenye minada ya kule, trakta za miaka ya 1970 na 1980 zilizotunzwa vizuri zinagombaniwa. Kwa wengi, sababu ni ile tunayoijua sisi: ukifungua kifuniko unaona ugonjwa kwa macho, na ufunguo namba 17 unatosha.

Haki inataka tusikilize upande wa kampuni pia. Inasema kwamba mashini hizi ni nzito na zinaweza kuua, na mtu asiyejua akigusa programu anaweza kuondoa kinga. Neno hili silidharau. Nimeona mkono wa kijana ulioingia ndani ya mashini ya kusaga iliyoondolewa kifuniko, na kule hakukuwa na programu yoyote. Inasema pia kwamba wengine watafungua programu ili waongeze nguvu ya mota na kuchafua hewa. Lakini mnamo Agosti 2023 mkuu wa ofisi ya serikali ya Marekani ya kulinda mazingira aliandikia chama kimoja cha wakulima kwamba sheria ya hewa safi haiwazuii kutengeneza mashini zao wenyewe. Tena kuna sababu ambayo kampuni haiiweki mbele: kazi ya kutengeneza na kuuza piesi inaleta faida, na mwenye ufunguo peke yake njo anayepanga bei.

Sasa sikieni kisa cha Melitopol, kwa sababu hicho kinaonyesha urefu wa mkono. Mwaka 2022, vita ilipoingia Ukraine, askari wa Urusi walichukua mashini 27 za John Deere kutoka duka moja la mji huo. Thamani yake ilikuwa karibu dola milioni 5. Nyingine zilisafirishwa mpaka Chechnya, mbali sana. Walipotaka kuziwasha zilikataa: zilikuwa zimefungwa kutoka mbali, bila mtu kuzigusa. Watu wengi walishangilia, mimi pia. Mwizi alipata chuma baridi. Lakini usiku nilirudia kuwaza. Mkono uliofunga trakta ya mwizi unaweza kufunga trakta ya mwenye haki pia, akikosana na kampuni ao kampuni ikikosea namba. Kufuli halijui nani ni mwizi. Linajua amri tu.

Mwezi wa nane wa mwaka ule ule, kwenye mkutano wa wajuzi wa kompyuta huko Las Vegas, mtu mmoja anayejiita Sick Codes alionyesha kwamba amefungua kioo cha trakta ya kampuni hiyo, na akacheza juu yake mchezo wa zamani wa kompyuta uitwao Doom, akiwa ameupamba kwa mashamba. Watu walicheka. Lakini ujumbe ulieleweka: ukuta ambao mkulima hawezi kuruka, mwenye ujuzi anauruka.

Katika mabishano haya, kitu kinachotuhusu sana sisi watu wa vyama ni zile ahadi. Mwaka 2018 chama cha wenye maduka ya mashini kiliahidi kwamba kufika mwaka 2021 wakulima watapata vyombo vya kujitengenezea. Mwaka 2021 ulifika, malalamiko yakaendelea. Tarehe 8 Januari 2023 kampuni yenyewe ilitia sahihi mapatano na shirika kubwa la wakulima wa Marekani, American Farm Bureau Federation. Kampuni iliahidi kuwapa wakulima na mafundi wa kando vitabu na vyombo vya kupimia kwa bei ya haki. Kwa upande wake, shirika la wakulima liliahidi kutosukuma sheria mpya juu ya jambo hilo. Maprezida na makatibu wa koperative, someni tena ile sehemu ya pili. Wakulima walipewa ahadi, wakatoa nguvu yao ya kudai. Mimi nisingetia sahihi, lakini mimi si mtu wa Farm Bureau.

Jimbo la Colorado halikungoja. Katika Aprili 2023 gavana wake alitia sahihi sheria inayolazimisha watengenezaji wa mashini za shamba kuwapa wenye mashini na mafundi wao vitabu, piesi na programu zinazohitajiwa. Ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika nchi yote kwa mashini za kilimo, na ilianza kazi tarehe 1 Januari 2024. Kando ya hayo kulikuwa na kesi za wakulima wenyewe, zilizoanza mwaka 2022; katika Novemba 2023 jaji alikataa ombi la kampuni la kuzifuta. Tena tarehe 15 Januari 2025 tume ya serikali ya Marekani inayoangalia biashara ya haki, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, ilishitaki kampuni mahakamani, ikisema kwamba kwa kuficha programu kamili imewalazimisha wakulima kupita kwa maduka yake tu. Kampuni imekana.

Turudi nyumbani.

Mashini zetu nyingi bado ni za kifuniko na ufunguo. Mashini ya kusaga mihogo na mahindi kijijini, ile ya dizeli ya silinda moja, fundi wetu anaifungua chini ya mwembe, anatandaza vipande juu ya gunia, na mbele ya jua kushuka inanguruma. Hakuna mtu wa mbali anayeombwa ruhusa. Huo ni utajiri ambao hatujauhesabu. Lakini polepole vitu vyenye programu vinaingia: visanduku vya jua, mizani ya umeme, vipimio vya unyevu wa kahawa, pampu za jua, telefoni. Telefoni yenyewe ni mfano mzuri. Nyingi za zile zinazouzwa sokoni kwetu ni za Android, na moyo wa Android ni Linux, programu ambayo kila mtu duniani anaruhusiwa kuisoma na kuibadilisha. Lakini mtengenezaji wa telefoni anaweza kuweka kufuli juu ya programu hiyo ya wote, na ukibaki na telefoni nzima ambayo haipokei tena programu mpya, huna njia rahisi ya kujisaidia.

Kuhusu visanduku vya jua vya kulipa kidogo kidogo, sitaki kusema ni vibaya. Bila mpango huo, vijiji vingi vingebaki na mafuta ya taa. Muuzaji anatoa mali kwa mtu asiye na dhamana. Anahitaji njia ya kujua kwamba atalipwa, na kufuli ni njia hiyo. Kufunga kwa sababu ya deni, mbele ya deni kwisha, kunaeleweka, ikiwa mkataba umesema wazi na kampuni inajibu simu. Ubaya unaanza pengine. Unaanza pale malipo yamefika na kode haifiki. Unaanza pale deni limekwisha na kisanduku kinaendelea kukataa betri ya duka lingine, ao soketi yake ina umbo la peke yake na taa ya soko haiingii. Na unaanza kabisa pale kampuni inapokufa.

Hilo la kufa si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka 2019 kampuni ya Ujerumani iitwayo Mobisol, iliyokuwa imeweka umeme wa jua wa namna hii katika nyumba nyingi za Tanzania, Rwanda na Kenya, iliishiwa na feza na kuomba ulinzi wa mahakama. Bahati, kampuni kubwa ya Ufaransa, Engie, iliinunua. Lakini jiulizeni: kama hakuna mnunuzi, nani angetoa kode kwa mtu aliyebakiza miezi mitatu? Na yule aliyemaliza, lakini kisanduku chake kikasahau kwamba amemaliza?

Mpango wa kode wenyewe haulazimishwi kuwa siri ya kampuni moja. Upo mpango mmoja, OpenPAYGO, ambao namna yake ya kutunga kode imetangazwa wazi, kila kampuni inaweza kuutumia, na mwingine anaweza kuendeleza kazi wa kwanza akiondoka. Muuzaji anayekuja kwenu anaweza kuwa anautumia ao hautumii. Kumuuliza ni bure.

Basi mbele ya kutia sahihi, kamati iketi na muuzaji, si mtu mmoja peke yake barabarani. Mwambieni awaonyeshe katika karatasi ni siku gani kufuli linaondoka kabisa, na ni kode gani inaliondoa. Mwambieni aseme rezo ikikosekana siku ngapi kisanduku kitavumilia. Koperative inayopima kahawa usiku inaweza kuomba siku saba za msamaha wakati wa msimu, na muuzaji anayetaka wateja thelathini kwa siku moja atasikiliza. Betri ikichoka, je, fundi wetu anaweza kuweka ya soko? Tena ulizeni kama kuna kijana wa hapa atakayefundishwa kukitengeneza, na kama akikifungua mtapoteza garanti. Karatasi ikiwa katika Kifaransa ao Kiingereza, mtafute mtu wa kuisoma kwa sauti mbele ya wote, hata maandishi madogo ya chini. Mambo yaliyowapata wakulima wa Marekani yalikuwa yameandikwa mahali. Watu walitia sahihi kwa haraka, kama sisi, kwa sababu mvua ilikuwa karibu na trakta ilikuwa nzuri.

Ile koperative ya ziwani imefanya hivyo, kwa kuchelewa kidogo. Walimwita wakala wa kampuni kwenye mkutano wa wanachama wote. Mama wa gunia njo aliyeuliza wa kwanza, kwa maneno yale yale. Wakala, kijana mpole, alisema siku saba za msimu anaweza kuziombea, na juu ya kode ya mwisho hakujua. Ataandikia ofisi ya mjini. Katibu aliandika jibu lake katika kitabu pamoja na tarehe, na kijana akatia sahihi chini yake. Siku saba wamezipata. Jibu la kode halijafika. Likifika, tutalichapa hapa.